Mkasi wa Mashoto

Binti ambaye fundi cherehani alimtoa alelewe na wengine angali kichanga alinyoosha mkono wa kushoto, akauchukua mkasi mezani. Fundi akayaacha maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri.

"Huo unawashinda wote humu," alisema. "Ni wa mashoto, kama mimi."

Binti akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye gauni lake. Mkasi ukateleza kama maji. Akacheka. "Kumbe nimerithi kwako!"

"Hawakukuchapa utumie mkono wa kulia? Mimi nilichapwa mpaka basi."

"Nani, baba? Thubutu! Alijifunza kufunga kamba za viatu kwa kushoto ili anifundishe. Mpaka leo anafunga hivyohivyo, kashindwa kurudi."

Fundi alidhani neno "baba" litamchoma. Halikumchoma hata kidogo.

"Yuko wapi?"

"Yumo garini, hapo nje. Kagoma kuingia, eti leo ni siku yetu."

Fundi akatundika futikamba ya kupimia shingoni. Akashusha rafuni kitambaa cha sufu nyeusi ambacho miaka yote hakuna mteja aliyeruhusiwa hata kukigusa, akatoka, akagonga kioo cha gari.

"Shuka, ndugu yangu," alisema. "Nikupime koti."