Simu Iliyolia Dakika Sita

Mkuu wa polisi aliinamisha macho chini mara tu Lorraine Pruitt alipoingia ukumbini. Lorraine alipita mbele yake bila salamu, akaenda kusimama mbele ya madiwani wa mji wa Marlow Creek, koti bado mwilini.

"Ajenda ni moja," alisema Dale Huffstetler, mwenyekiti wa baraza. "Kumfukuza kazi Brandi Oquendo. Simu ya dharura imelia dakika sita haijapokelewa, mtu amekufa kwenye sakafu ya jikoni kwake. Na wewe, mama, umekuja kumtetea?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa zamu siku hiyo?"

"Nilikuwa nyumbani. Siku yangu ya kwanza kupumzika baada ya siku kumi na tisa."

"Basi hujui kilichotokea."

Lorraine alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amepokea simu za mji huu, za moto, za visu, za watoto waliozama, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Leo aliiachia.

"Najua kila dakika yake, Dale. Chumba kile cha kupokea simu kina viti vinne. Vitatu vitupu tangu Machi, maana wenyewe wamekimbilia wilaya ya jirani, na nyinyi mkawaaga kwa keki. Brandi alikuwa katika saa yake ya kumi na tatu kazini, peke yake. Alikuwa anaongea na mwanamke aliyejifungia bafuni, mumewe anapasua mlango kwa shoka. Mji mzima ulikuwa na askari wawili, na wote walikuwa kwenye ajali ya lori. Ulitaka amkatie simu yule mama?"

"Usinipandishie sauti."

"Nitapandisha. Tuliwaandikia Januari kuomba watu, tukawaandikia tena Machi, tukarudia Mei. Mkatuletea piza."

Diwani mmoja alicheka, akaona amecheka peke yake, akajifanya anakohoa.

Huffstetler alifungua jalada. Mwanasheria wa mji alikuwa amefunika majina ya marehemu na ya familia yake kwa wino mweusi. "Mwanamume wa miaka hamsini na minane. Mkewe alipiga simu mara nne, huku anamkandamiza kifua kuamsha moyo. Mara nne. Hebu njoo utusomee mwenyewe, kama huoni aibu."

"Siwezi kuisoma hiyo."

"Nilijua."

"Brandi hali, halali," alisema Lorraine. "Jana ameandika barua ya kuacha kazi, nikaichana mbele yake. Ukinitoa mimi, ndiye pekee aliyebaki anayeijua kazi. Mkimtoa leo, kesho simu zote zitalia mpaka zikatike zenyewe, halafu mtatafuta mwingine wa kumbebesha lawama. Kumtupa yeye ni rahisi kuliko kukubali kwamba ni nyinyi mlioviacha vile viti vitupu."

Huffstetler alivua miwani.

"Nyinyi wa kitengo kimoja mnalindana, naelewa. Ila mimi lazima nimfikirie mjane. Akija hapa akaniuliza nimemfanya nini aliyemwacha mumewe afe, nimjibu nini? Nimtazame usoni nimwambie kwamba yule binti bado yuko kazini?"

Mkuu wa polisi alifungua mdomo. Lorraine alimwinulia kiganja, naye akaufumba.

Kisha Lorraine akaegemea meza, uso wake ukawa karibu kabisa na wa Huffstetler.

"Haya, nitazame," alisema. "Mjane ni mimi. Niambie bado yuko kazini."