Kiatu Juu ya Zulia

Kwa mara nyingine Radomir, mpelelezi na mnyonya damu, alikuwa kasimama kwenye theluji akibembeleza kuingia ndani. Wa aina yake hawavuki kizingiti cha mtu aliye hai mpaka mwenyewe awakaribishe, na watu wa Detroit wanalijua hilo vizuri mno.

“Dada, majirani wamesikia mayowe. Nikaribishe basi!”

“Nyumba yangu, na sikukaribishi,” akajibu mwanamke kwenye mlango uliokuwa wazi. “Ganda hapo hapo, kupe we!”

Kupe! Radomir akarusha teke mlangoni kwa hasira, akijua mguu utagonga ukuta usioonekana, kama siku zote.

Haukugonga kitu. Kiatu kilitua ndani, juu ya zulia, theluji ikakiyeyukia taratibu.

Wote wawili wakakitazama.

“Dada,” akasema kwa upole, “mwenye nyumba yuko wapi?”