Wivu wa Msusi

Mteja alipiga yowe mara ya pili, ndipo msusi akaona amemvuta nywele mpaka nyusi zimepanda kama za mtu aliyeona nyoka.

"Jamani, hicho ni kichwa, si kamba ya ng'ombe!"

"Samahani, mwenzangu. Mawazo."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi wakakonyezana. Mawazo ya msusi yalijulikana saluni nzima. Binti yake alizaa sare ya shule ikiwa bado kabatini, na baba wa mtoto, kijana anayejifunza useremala, ndevu zenyewe hazijaota. Wazee wakakubaliana binti akae kwa mama wa kijana, mtaa wa pili tu, kwa kuwa yule mama hushinda nyumbani, na msusi hushinda vichwani mwa watu.

"Kitendawili!" akasema mmoja wa benchi.

"Tega!"

"Mimba sikubeba, uchungu sikuusikia, mtoto ninaye."

"Bibi!" wakajibu kwa pamoja, wakacheka.

Msusi hakucheka. "Mimi sina mtu," alisema. "Nina picha kwenye simu."

"Basi nenda kamchukue mjukuu wako!" mteja akamaka. "Ameshaachishwa ziwa, shule zinafunguliwa, mama yake anarudi darasani. Kwani bibi mzaa mama hana kura?"

Siku hiyo msusi alifunga saluni mapema.

Kwa mkwe wake, mama wa kijana, alikuta beseni uani, mtoto ndani akipiga maji kwa viganja, na mkwe amelowa mpaka kifuani, akicheka kuliko mtoto. Binti alikaa mkekani na daftari la hesabu, nywele zimesukwa upya. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi.

"Karibu, mkwe! Usiniangalie hivyo. Nimemsuka mimi jana, kichwa kilikuwa kinamwasha. Najua, ningekuita wewe."

"Umejitahidi," alisema msusi. Meno yalionekana, lakini hakikuwa kicheko.

Akapewa mtoto. Mtoto akamtazama, akavuta midomo, akaangua kilio. Msusi akamrudisha haraka, na mikononi mwa mkwe kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Mkwe akampakata upande mmoja, na kwa mkono wa pili akamsogezea binti kikombe cha uji.

"Malizia. Usiniachie nusu kama jana."

"Sawa, mama," binti alijibu bila kuinua kichwa.

Msusi akageuka kumtazama mkwe. Mwanamke huyu alikuwa na kila kitu: ua mpana, mume anayerudi mapema, nyumba yenye kelele za watu. Na bado anajilimbikizia vya wenziwe!

"Mkwe," alisema, "leo siondoki mikono mitupu."

Kicheko cha mkwe kikaisha. Alikuwa akiiogopa siku hii. Mumewe alishamwonya asigombane na watu kwa mtoto ambaye ni mjukuu wao pia. Akaingia ndani na mtoto begani. Alipotoka alikuwa na begi limejaa nguo, kopo la maziwa limechomoza juu, na macho mekundu.

"Usiku huamka," alisema. "Mpapase mgongo, usiwashe taa. Akizidi kulia mwimbie, wimbo wowote, hachagui..." Sauti ikamkatika. Begi alilitoa, lakini mtoto hakuweza kumtoa. Alimshika kama aliyegandishwa naye.

Binti aliweka kalamu chini, akamtazama huyu, akamtazama yule.

Msusi alilipokea begi. Alilishika kidogo, akilipima uzito, kisha akalitua miguuni pa mkwe wake.

"Nguo zake zirudishe kabatini," alisema. "Huyu mlee wewe, unamweza."

Akamgeukia binti, akamnyooshea mkono kama alivyokuwa akimvusha barabara zamani.

"Vaa viatu, mwanangu. Twende nyumbani."