Shahidi wa Taa za Breki

"Ulikaaje mpaka shingo ikapinda upande?" wakili akamuuliza yule dada. "Kesho mahakamani lazima utaulizwa."

Dada akashika kola iliyomzunguka shingo. "Nilisinzia. Kichwa nilikuwa nimekilaza begani kwa dereva."

Weee! Dereva mwenyewe ni mume wangu!

Wanafanya kazi pamoja, na mimi huniita wifi. Siku mume wangu alipompa lifti, lori liliwagonga kwa nyuma. Sasa dada anadai fidia, ila mwenye lori anang'ang'ana kwamba taa zetu za breki zilikuwa zimekufa.

Shahidi wa taa ni mimi. Kila asubuhi mume wangu anakanyaga breki, mimi nasimama nyuma ya gari napiga kelele, "Zinawaka, baba!" Siku ile ziliwaka zote mbili, nyekundu kama pilipili.

Nikamgeukia mume wangu, kakaa kiti cha pembeni. Jamaa anakagua vigae vya sakafu utadhani fundi. Nikaliangalia lile bega la kushoto. Shati limenyooka, na pasi nimepiga mimi.

"Haya mama, zamu yako," wakili akasema. "Asubuhi ile taa za breki ziliwaka?"

"Mwambie, wifi yangu." Dada akanishika mkono. Mkono laini, jamani, tena unanukia yale mafuta ninayoyasikia kwenye mashati nikifua. Eti sabuni mpya ya kazini!

Nikautoa mkono wangu taratibu.

"Asubuhi ile," nikasema, "mimi nilikuwa jikoni."