Kumbukumbu ya Ziada

Mashine ilimla Ngosha kete tatu kwa mkupuo mmoja, na wanaume waliojazana kwenye kibanda cha Malimi wakapiga kelele mpaka kuku wa nje wakakimbia.

"Bahati tu hiyo," alisema Ngosha, akijifuta jasho.

Moyoni aliogopa. Kwenye kijiwe chao cha drafti pale Butimba sheria ilikuwa moja: anayefungwa ananyanyuka. Ngosha hakuwa amenyanyuka tangu duka la ushirika lilipofunga milango na barabara kujaa mitumba. Leo, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa ametangaza kwamba mashine ikimfunga, kiti chake ni cha aliyemfunga, na yeye atasimama na watazamaji. Watu walicheka sana. Mashine itakalia nini?

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuonea huruma. Malimi, fundi redio, aliipata kwa Pravin, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akisafisha stoo yake: kibodi nene ya kuchomeka kwenye televisheni, michezo yake inapakiwa kwa kanda za kaseti. Mwanzoni ilicheza drafti kama mlevi. Ngosha aliifunga huku akila karanga.

"Haina kumbukumbu ya kutosha," Malimi aliitetea. "Nitaiongezea."

Akaichomekea boksi kwa nyuma. Ikachelewa kidogo kufungwa, basi. Ngosha alirudi nyumbani akitamba, na kama kawaida yake akapanga vizibo vya soda sakafuni kumwonyesha mkewe, Dorotea, jinsi alivyoimaliza.

"Hapo ungeibana pembeni mapema, Baba Obedi, ungeshamaliza zamani," alisema Dorotea, mwiko mkononi.

"Wewe songa ugali. Drafti ni ya wanaume wenye vichwa."

Dorotea akasonga ugali.

Baada ya hapo Malimi akaleta boksi la pili, lenye nyaya nene zilizopenya tundu la ukutani hadi stoo. "Kumbukumbu hii ni kubwa, haipendi vumbi," alieleza. "Imebidi ikae ndani." Hakuna aliyebisha. Nani pale alikuwa amewahi kuiona kumbukumbu?

Tangu siku hiyo mashine ikawa na akili za kishetani. Asubuhi ilikataa kabisa kucheza, Malimi akidai haijapata joto, lakini mchana ilifunga kila aliyejipendekeza. Tena ilikuwa na maringo: mara iduwae katikati ya mchezo, mara izinduke na kula kete mbili. Kilichomkera zaidi Ngosha ni kwamba ilimjua. Ule mtego wake wa kutoa kete moja ili ale tatu, iliukwepa kama vile imekula naye sahani moja.

Nyumbani alilalamika, na Dorotea akamsikiliza kwa huruma.

"Si uiachie tu kiti, mume wangu, upumzike?"

"Nikiachie chuma? Na haya maharage mbona yameungua tena?"

Sasa, mbele ya kijiwe kizima, Ngosha alikuwa amebaki na kete mbili. Kingi ya mashine ilizinyemelea kutoka kona ya juu. Akabonyeza kusogeza kete moja, akasubiri.

Televisheni ikazima. Feni ikasimama, na redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza katikati ya taarabu. Umeme ulikuwa umekatika.

Ngosha hakuwahi kuupenda mgao wa umeme kiasi kile. Aliruka kwa furaha, akamkumbatia mtu aliyesimama karibu naye. "Mechi imevunjika, jamani! Umeme ukirudi hiyo mashine itakuwa imeshasahau kila kitu. Hakuna mshindi! Kiti ni changu!"

Wanaume waliguna. Malimi alikuna kichwa, akautazama ukuta wa stoo.

"Haijavunjika, Baba Obedi," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Kete zako mbili nazikumbuka zilipo, na unakotaka kuzipeleka nakujua. Kaa tumalize, au nyanyuka nikae."