Cheti Hai

Rahabu alipoingia ofisini, Humphrey Mbwambo aliruka kitini na kukitupia kioo cha kompyuta kitambaa cha kufutia vumbi.

"Unaficha nini?"

"Barua ya bosi. Nimekatazwa kumwonyesha mtu." Alikuwa anatoka jasho, na jua la Same lilikuwa bado halijachanganya. "Dada Rahabu, ile safari ya Moshi achana nayo. Hicho cheti kiache kife."

Walikuwa makarani wawili wa kompyuta katika shamba la mkonge. Siku hiyo, tarehe tatu Mei 1999, mwekezaji alikuwa na wiki mbili tu tangu alinunue shamba, na minong'ono ilishazagaa kwamba karani mmoja atapunguzwa. Vyeti vyao vya awali vya kompyuta walivipata pamoja, kwa hiyo vilikuwa vinakwisha muda pamoja, mwisho wa Juni. Mwenye cheti hai alilipwa posho ya cheti kila mwezi. Mkataba wa zamani ulisema hivyo, na mwekezaji aliurithi pamoja na mkonge wake.

"Kwani wewe chako hukihuishi?" Rahabu aliuliza.

"Sihuishi. Na wewe nakuomba usihuishe."

Eti nakuomba! Rahabu alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mgonjwa kule Bombo. Si mtu wa kudanganywa kwa pipi. Mnagombea kiti kimoja, halafu mwenzako anakushauri ubweteke?

Tangu siku hiyo alimchunga. Humphrey akitoka kwenda chooni, Rahabu alipekua droo yake. Akisafiri, alikwenda stendi kuwauliza makonda amepanda basi la wapi. Siku moja alimwona na bahasha kubwa ya kaki, roho ikamlipuka. Zilikuwa picha za eksirei za mke wa Humphrey. Rahabu aliziona kwa macho yake, na bado hakuamini.

Mwishowe aliuza cherehani, ile iliyomlisha kabla hajaipata kazi hii. Akaenda Moshi kimyakimya, akalipa ada, akafanya mtihani, akafaulu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu peke yake.

Alipokitundika cheti kipya ukutani, Humphrey alikitazama kwa muda mrefu. Macho yakamlengalenga.

"Dada, ungenisikiliza."

"Umenikosa, kaka," Rahabu alimjibu, na moyo wake ulijaa raha.

Tarehe mosi Julai bosi alimwita, akamkabidhi barua. Ilikuwa imechapwa yote isipokuwa jina lake, ambalo lilijazwa kwa kalamu katika nafasi iliyoachwa wazi.

"Kampuni haitamudu tena posho ya cheti. Karani yeyote atakayekuwa na cheti hai ifikapo Julai anaachishwa kazi. Ambaye cheti chake kimekwisha muda ataendelea kwa mshahara wa kawaida."

Rahabu aliisoma tena akiwa amesimama mlangoni. Chini kushoto, kama kwenye barua zote za ofisi ile, palikuwa na herufi za mwanzo za jina la mchapaji na siku aliyoichapa: HM, 3 Mei 1999.