Kamba ya Pembea ya Kima

Wanyama wa bwawani walikuwa na chama cha kuogelea, na mwalimu wao alikuwa Fisimaji. Kamba ya kushikwa na wanafunzi ilipokatika, aliitisha harambee ya vifaa vipya.

Korongo alitangaza kila mchango kwa sauti. Kobe alitoa kibuyu kimoja cha kuelea, wakamcheka. Kima akaja akiburuta kamba nene ya pembea. Makofi yakalia, akapewa kiti cha mbele.

Nyumbani mkewe akamwuliza, "Baba Chepe, ile si kamba uliyowakataza watoto kubembea kwayo kwa kuwa imeoza ndani?"

"Ndiyo hiyo. Kwetu haifai, lakini chamani itafaa. Kwani hukusikia makofi?"

Juma lililofuata, Chepe mwenyewe alikwenda kujifunza. Alipofika penye kina aliishika kamba, nayo ikakatika. Alizama mara mbili kabla Fisimaji hajamwibua na kumlaza juu ya kibuyu cha Kobe.

Kima alifika mbio. Mtoto akakohoa maji, akasema, "Baba, niliishika kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha."



Kesho yake Kima alifungua kamba mpya ya pembea ya wanawe, akaipeleka bwawani. Korongo akasafisha koo ili atangaze.

"Nyamaza, ndugu yangu," Kima akasema. "Niitie mwalimu tu, aivute kwanza."